Tak Ye-rim, Aliyekuwa Namba 612 kwa Wiki Moja

Tarehe 31 Oktoba, Bi. Tak Ye-rim wa timu ya tenisi ya Wilaya ya Seodam atarudisha kitambulisho chake cha kazi baada ya miaka kumi na minne ya utumishi. Kwenye makaratasi yeye ni mtumishi wa Idara ya Bustani na Viwanja, na meza yake iko ubavuni mwa yangu. Kwa kumbukumbu zangu ameikalia siku tisa. Mbili kati ya hizo alikuwa amelala.

Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na tisa, meno yamefungwa waya, begi lina raketi tatu. Tangu hapo amecheza katika nchi kumi na moja, nyingi kwa siku moja tu, maana ukitolewa raundi ya kwanza huna cha kukuweka. Nafasi yake bora katika orodha ya dunia ilikuwa ya 612. Mkuu wa Wilaya alifurahi mno, akaagiza bango kubwa litundikwe barabara kuu. Mafundi walipomaliza kulifunga, Ye-rim alikuwa ameshashuka hadi 640. Bango likaachwa hapo hapo. Lilikuwa limefungwa vizuri.

Kwa kuwa Seodam inaishi kwa vitunguu saumu, mkataba wake ulimtaka ampe kila mpinzani shada la vitunguu kabla ya mechi. Hakukosa hata mara moja. Katika uwanja mmoja wa ndege, mbwa wa ulinzi alinusa begi lake, akapiga chafya mfululizo mpaka wakampeleka kupumzika.

Wasifu huu hauwezi kumruka mama yake, Bi. Noh Bok-nam, mkulima wa vitunguu hivyo. Mama huyu hajawahi kukubaliana na hesabu ya tenisi. Alipoambiwa kwamba pointi zinakwenda kumi na tano, thelathini, arobaini, aliuliza, "Kwa nini arobaini? Tano zimekwenda wapi?" Hadi leo hajajibiwa. Hilo halijamzuia kukaa mstari wa mbele na kupaza sauti, "Mpelekee mbali! Miguu mifupi huyo!" Waamuzi wa mikoa mitatu wanamfahamu kwa jina.

Sasa nifike kwenye siku ambayo sote tunaikumbuka. Miaka mitatu iliyopita, Diwani Cheon Dal-ho alitaka timu ivunjwe na uwanja wetu ugeuzwe maegesho ya magari. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna mchezaji wetu aliyewahi kushinda hata mechi moja katika mashindano ya kimataifa tunayoyaandaa wenyewe kila Mei. Ubaya ni kwamba ilikuwa kweli. Baraza likaamua kupiga kura mashindano yakiisha.

Jumatatu wachezaji wetu wanne walitolewa. Jumanne alibaki Ye-rim peke yake, tena dhidi ya Mjapani Orihara Chinatsu, aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote ya kutwaa kombe. Seti ya kwanza Ye-rim alifungwa 6-1 kwa dakika ishirini na mbili. Ya pili Ye-rim alikuwa nyuma 4-1 mvua ilipomwagika, tukakimbilia hemani. Diwani Cheon naye akaingia na futi yake ya kupimia, kwani alikuwa amekuja kuona magari mangapi yataenea.

Bi. Noh alikuwa amebeba chakula cha kulisha kijiji. Akamwona Chinatsu amejikunyata pembeni, hana kocha wala ndugu.

"Mwanangu, umekula?"

Chinatsu, ambaye amezunguka sana huku kwetu na lugha anaijua, akajibu, "Nimekula ndizi, mama."

"Ndizi! Ndiyo maana umebaki nusu mtu. Sogea hapa."

Nilikuwepo. Zilikwenda keki saba za mchele, viazi vitamu vitatu vya kuchoma na bakuli zima la kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha yenye pilipili. Ye-rim aliporudi kutoka kubadili soksi, karibu azimie.

"Mama, unafanya nini? Huyo ni mpinzani wangu!"

"Kwani mpinzani hana tumbo?"

Mvua ilipokatika, Chinatsu alirudi uwanjani akitembea kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Ye-rim akachukua seti ya pili 6-4, na ya tatu akaongoza 3-0. Hapo akasimama. Akamwendea mwamuzi, akamwomba asimamishe mchezo ili mpinzani wake atibiwe. Sisi wa idara tulishika vichwa. Kocha wetu aliketi chini kabisa, kwenye maji. Ajira za watu sita zilikuwa zinaning'inia pale.

Chinatsu akaja wavuni. "Dada, nilikula mwenyewe. We cheza tu."

"Unaweza kukimbia?"

"Siwezi. Ila vilikuwa vitamu."

"Basi nenda kwa daktari. Sitaki kushinda viazi."

Daktari alimkanda na kumtembeza dakika kumi. Akarudi mzima, na mechi ikaanza upya kwa ukali. Ikawa 3-3, 4-4, 5-5. Nikasikia mtu nyuma yangu akifoka, "Kushoto! Mrushie kushoto!" Kugeuka, ni Diwani Cheon, futi imemzunguka shingoni. Ye-rim alishinda 7-5, akalala chali uwanjani kama mtoto aliyekataa shule.

Kesho yake alifungwa 6-0, 6-0. Hakuna aliyejali. Timu ilinusurika kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa ya Diwani.

Mechi yake ya mwisho aliicheza Septemba, akafungwa na binti wa miaka kumi na saba. Mpira wake wa mwisho ulitoka nje waziwazi. Ye-rim, ambaye hajawahi kubishana na mwamuzi, akaenda hadi kwenye kiti kirefu cha mwamuzi na kumwomba ahakikishe.

"Dada, umetoka mita nzima."

"Najua," alisema. "Nipe dakika moja tu nisimame humu."

Mwamuzi akavua kofia, akampa mbili.

Mdogo wetu Ye-rim, ahsante kwa miaka yote hii. Lipumzishe goti la kulia, lala mpaka jua likuchoke, na kila uendako ukute watu wanaokupenda kama sisi.

Bong Hye-suk
Idara ya Bustani na Viwanja