Mama Ikupa na Maneno ya Getini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mama Ikupa Mwakalobo, Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali yetu hapa Mbeya, alistaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kumi na mitano aliitumia Iringa, kumi na tisa akaitumia hapa. Mhariri wa jarida amempa mwandishi wa wasifu huu, Sosthenes Mgaya, aliyekaa naye chumba kimoja cha ofisi kwa miaka tisa, ukurasa mmoja na onyo kwamba asilie. Atajitahidi.

Mama Ikupa ni mzaliwa wa Tukuyu. Alisomea ustawi wa jamii Dar es Salaam, na mwaka 1991 akapangiwa Iringa, ambako hakujua Kihehe hata cha kuombea maji. Neno la kwanza alilojifunza ni "kamwene". Akalitumia kusalimia, kushukuru na kuagia, mpaka wenyeji wakamwonea huruma na kumfundisha mengine.

Kutoka chuoni alikuja na nadharia zake zote. Ilikuwamo ile ya mifumo, inayosema mtu haumwi peke yake, anaumwa pamoja na nyumba yake nzima. Ilikuwamo ile inayomtaka mshauri amwachie mteja aongoze mazungumzo. Baadaye semina zikamwongezea tiba ya fikra na tabia, ambayo humfundisha mtu kulikamata wazo linalomtesa na kulihoji kama lina ushahidi. Zote alizipenda, na mpaka anaondoka alikuwa anazisoma upya kila mwaka. Ila zote zilimwambia akae na mteja uso kwa uso na amtazame machoni, na hapo ndipo alipokwama.

Aliyemkwamua ni mama mmoja wa Ipogolo, tumwite Matilda, ambaye binti yake alikuwa amelazwa kwa kuungua. Mara tatu Matilda alikaa kwenye kiti, akatazama sakafu, akajibu kila swali kwa "salama tu". Siku ya tatu mvua ilikuwa inanyesha, na kwa kuwa Matilda hakuwa na mwavuli, Mama Ikupa akamsindikiza kwa wake. Walipofika katikati ya njia, wote wawili wakiangalia matope wasije wakateleza, Matilda akasema kwamba sufuria ya uji aliiacha yeye mwenyewe jikoni, na tangu siku ile anaogopa kumshika mtoto wake.

Vitabu vinalijua jambo hili. Vinasema mteja hulitoa lake kubwa akiwa ameshika kitasa cha mlango, na vinashauri liwekwe kiporo hadi kikao kinachofuata. Mama Ikupa aliona kwamba kwetu Nyanda za Juu kiporo hicho kinachacha. Mgeni wa huku husindikizwa, na neno lililomleta hulisema njiani. Tena kumkodolea macho mtu mzima ni kama kumtafutia ugomvi, lakini mnapotembea bega kwa bega kila mmoja anaitazama njia na hakuna anayeaibika. Nadharia ni jembe la dukani, alituambia mara nyingi, mpini kila mtu anaukata kwao.

Tangu hapo kikao chake kilikuwa na sehemu mbili, ya kiti na ya njia. Hapa Mbeya njia ilianzia mlango wa ofisi, ikapita maabara na jiko la hospitali, ikaishia getini, na kama neno lilikuwa bado halijatoka iliendelea mpaka stendi. Mlinzi wetu Liberatus alimtengea kigoda pale getini, kwa sababu wapo waliofika wakakumbuka kwamba bado wana la kusema. Mwaka mmoja walikuja wakaguzi, wakasubiri ofisini kwake nusu saa nzima, na mmoja akaandika kwamba afisa huyu haonekani mezani. Walipokuwa wanatoka wakampita getini na mteja, na yule mkaguzi akapunga mkono kwa adabu bila kujua ni nani. Mama Ikupa aliicheka taarifa ile mpaka miwani ikaanguka.

Mwandishi naye ana la kuungama. Alifika mwaka 2016 akiwa na shahada mpya na saa kubwa ya mkononi, akiamini kwamba dakika arobaini na tano ni dakika arobaini na tano. Mteja wake wa kwanza alikuwa mzee wa Rujewa, tumwite Anyelwisye, mkulima wa mpunga aliyefiwa na mkewe akaacha kula na kuacha dawa za presha. Mwandishi alimfanyia kikao safi kabisa, akampa na karatasi ya kuandika mawazo yake ya kila siku. Muda ulipoisha akasimama, akampa mkono mlangoni, akarudi kukaa ili ajaze faili.

Mzee hakurudi. Habari zilizotufikia ni kwamba anawaambia majirani, "Yule kijana kanifukuza. Hata hatua moja hakunitoa." Kwa mila zake alikuwa sahihi, maana mgeni unayemwachia mlangoni umemwambia asije tena. Miezi minne ilipita, na presha haingoji mtu anune amalize.

Mama Ikupa hakugomba. Alimchukua mwandishi, wakapanda basi mpaka Rujewa kuomba radhi. Mzee aliwasikiliza, akawapa wali na samaki wa mtoni, na walipoaga akachukua fimbo yake akawasindikiza. Kwenye ukingo wa mfereji, mpunga ukiwa umeiva pande zote mbili, akaanza mwenyewe. Mkewe alikuwa amelalamika kifua, naye akamwambia wavumilie wamalize kuvuna kwanza. Aliyarudia maneno hayo mara mbili, kisha akawafikisha mpaka kwenye lami. Wiki iliyofuata alikuja kliniki, akaanza tena dawa, na karatasi ile ya mawazo akairudisha ikiwa tupu, akasema kwamba hajui kuandika na hakuna aliyemuuliza. Wasomi bwana.

Orodha ya kazi zake ni ndefu. Amewalea maafisa kumi na mmoja, ameanzisha kikundi cha wajane kinachokutana kila mwezi, na ndiye aliyepigania ndugu wa mgonjwa wasikilizwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Lakini jambo lililomnyima raha kwenye wiki zake za mwisho lilikuwa moja, na jina lake ni Gloria. Yeye mwenyewe ameridhia tumwandike.

Gloria anatoka Makongolosi. Mumewe alifukiwa mwaka jana ndani ya duara, shimo la wachimba dhahabu, naye akaja Mbeya kwa dada yake pamoja na binti yao Pendo, wa miaka mitano. Pendo alikuwa akiuliza baba yuko wapi, na mama yake anamjibu kwamba yuko machimboni, atarudi. Kila Jumanne kwa miezi minane Gloria alikuja, na hata kwa Mama Ikupa alimsema mumewe kama mtu aliyechelewa basi. Haambiliki kwa haraka, na Mama Ikupa hakumharakisha. Hofu yake ilikuwa kwamba mtoto angelisikia kwa watoto wenzake uani, na kwamba Gloria, akikuta kiti kina mtu mwingine, angekata mguu.

Jumanne ya mwisho alimweleza kwamba anastaafu na kwamba Sosthenes ndiye atakayempokea. Gloria alipoinuka alisimama mlangoni kumsubiri Mama kama kawaida, na Mama akabaki kwenye kiti akijifanya anatafuta kalamu kwenye mkoba. Ikabidi niende mimi. Tulipita maabara, tukapita jiko, tukafika stendi, na hatukubadilishana hata neno. Niliporudi Mama Ikupa aliniuliza tumefika wapi, nikamwambia stendi, akasema si haba. Macho yake yalikuwa mekundu.

Mhariri anisamehe, "mwandishi" amenishinda. Siku ya kuagana Mama alinikataza kumpigia simu kuhusu mteja yeyote kwa miezi mitatu, kwa sababu alisema nikimpigia watabaki wateja wake. Nimetii. Lakini nina hamu naye kupita kiasi. Nasikia kikohozi cha mtu koridoni nageuka. Chai ya saa nne naimimina vikombe viwili. Liberatus hajakiondoa kigoda, na nikimuuliza anasema bado anakitafutia mahali.

Tarehe 1 Julai ilikuwa Jumanne. Saa tatu ilipita, saa nne ikapita, na saa nne na nusu Gloria akaingia, akakaa, akakitazama kiti cha Mama kwa muda mrefu. Tulizungumza kuhusu baridi na bei ya viazi. Nilimsindikiza, tukapita getini. Karibu na stendi, huku ameiangalia barabara, akaniambia, "Mwambie Mama, juzi nilimwambia Pendo. Nimemwambia baba amekufa. Tumelia wote, halafu akaomba uji."

Nilimpandisha gari, nikarudi mbio kama mtoto aliyetumwa dukani, nikasukuma mlango ili nimpe Mama Ikupa habari, na sentensi ya kwanza ilishanitoka mdomoni kabla sijakumbuka.

Simu ulinikataza, Mama, ila jarida hukulikataza. Asante kwa miaka yote thelathini na minne, kutoka kwetu sote na kutoka kwa wale wasiojua kuandika. Ukae salama Tukuyu na migomba yako, ulale mpaka jua lichomoze, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Na salamu zako nilizotumwa ni hizi: amemwambia.