Chungu cha Nsansa cha Kasimiri wa Igalula

Jiko moto umezima, majivu yamezolewa,
Mpishi ameshahama, mlishwa hajaelewa.

Baba Padri, ndugu wa ukoo, majirani wa Igalula, wafanyakazi wa reli mliotoka Tabora mjini na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mwenzetu, shikamooni wakubwa, na wadogo poleni. Mimi ni Xavery Mahona, mdogo wa marehemu, nimepewa na familia jukumu la kuwasomea historia ya maisha yake.

Marehemu Kasimiri Mahona alizaliwa tarehe 14 Mei 1951 katika kijiji cha Lusu, Nzega, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa mkulima wa karanga na mtama, na mjukuu wa ukoo wa wapagazi waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi, jambo ambalo hakuacha kulitaja mpaka mwisho, kama mtakavyosikia. Alibatizwa mwaka huohuo, akaanza darasa la kwanza hapohapo Lusu mwaka 1959, akamaliza masomo ya msingi mwaka 1966, na kwa kuwa nafasi za kuendelea zilikuwa chache, alirudi shambani akamsaidia baba kutulea sisi wadogo.

Mwaka 1972 aliajiriwa reli mjini Tabora, na mwaka 1979 akahamishiwa hapa Igalula, akafanya kazi ya kupokea treni na kugeuza njia, mvua na jua, hadi alipostaafu kwa heshima tarehe 30 Juni 2011. Tarehe 24 Julai 1976 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Levina, mnayemwona ameketi pale mbele katika kiti cha magurudumu, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Valentino na Anton ambao wametangulia mbele ya haki, na Marcelina, ambaye ni mpishi katika hoteli moja huko Dodoma.

Katika miaka hiyo yote marehemu hakuwahi kugusa mwiko, kwani alilelewa kama tulivyolelewa sote, mwanamume anasubiri chakula sebuleni, na shemeji alikuwa fundi wa mboga kiasi kwamba madereva wa treni waliuliza anapika nini kabla hawajauliza habari za njia.

Tarehe 9 Machi 2016 shemeji alipatwa na kiharusi kilichomchukua upande wa kulia na sauti yake yote, na aliporudishwa kutoka hospitali akawa hali chakula. Akina mama wa mtaa huu, wakiongozwa na jirani yetu Mama Recheli, walimpikia kwa zamu, uji wa ulezi, mchuzi wa kuku, viazi vya kuponda, lakini kila kijiko kilipokaribia alifunga kinywa na kugeuza uso ukutani, na sote tuliomwangalia tulijua anakoelekea. Siku moja mvua kubwa ilinyesha tangu asubuhi, hakuna aliyeweza kuvuka kuja, na marehemu, mwenye umri wa miaka sitini na minne, akajifunga kitenge cha mkewe kiunoni, akawasha mkaa, akasonga ugali wake wa kwanza. Ulijaa mabuje, madonge ya unga mkavu yaliyopasuka mdomoni kama vumbi. Alikaa mbele ya mkewe, akaonja, akakohoa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, “Mama Marcelina, leo nimepatia,” na Levina, ambaye alikuwa hajacheka tangu augue, alicheka kwa upande mmoja wa uso, na kinywa kilipofunguka kwa kicheko, marehemu akatia tonge.

Tangu siku hiyo shemeji hakula kwa mkono wa mtu mwingine, na marehemu hakuacha kupika. Hata hivyo ningekuwa nimemdhulumu kama ningesema alipika kwa ajili ya wajibu peke yake, kwa sababu nilimwona kwa macho yangu, mzee mwenye mvi akinusa vitunguu kama mtu anayenusa nguo ya mtoto wake, akiimba nyimbo za kwaya huku akipepeta karanga, akitia asali kwenye maharage ili aone tu itakuwaje, akipika migebuka, samaki walioletwa na treni ya Kigoma, pamoja na maembe mabichi, na mara nyingi ikawa haifai, naye akaila yote kwa furaha. Hakuwa mpishi. Wali wake ulikuwa bokoboko, maharage yaliungua chini, chumvi aliipima kwa kiganja, na kila siku, chakula kiwe kimeungua au kimeiva, alibeba sahani kwa mkewe akisema maneno yaleyale, “Mama Marcelina, leo nimepatia.”

Wapo waliomcheka. Mama Recheli, uko hapa na utanisamehe, siku moja ulimwuliza uani, “Baba Marcelina, hilo limbwata ulilishwa mwaka gani, mbona haliishi nguvu?” naye akakujibu bila kuinua macho kwenye chungu, “Mama, wapagazi waliopita hapa na pembe za ndovu kichwani, miezi na miezi, walipikiwa na nani? Babu yangu alisonga mwenyewe kambini, tena kwa mwiko wa kijiti. Lete sahani yako, nawe ulilishwe.” Ukaleta, ukala, ukasema ni kibaya, na kesho yake ukaja tena.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, wakampa dawa na kumtaka apumzike na akae mbali na moshi wa mkaa. Marcelina aliomba likizo akaja, akapika chakula ambacho sisi wengine tulikisifu, lakini mama yake alifunga kinywa. Ndipo marehemu alipojaribu kumrithisha binti yake kazi hii, na hapo, ndugu zangu, ndipo lilipo jambo lililotushinda, kwa kuwa hakujua anachokijua. Marcelina alipomwuliza kiasi cha chumvi alijibiwa, “Weka, onja, ukiharibu tutakula hivyohivyo,” na alipouliza muda wa kuchemsha aliambiwa asubiri mpaka roho itosheke. Binti alijifunga kitenge kilekile, akasonga ugali wenye mabuje kwa makusudi, akajilazimisha kucheka, na mama yake akageuza uso ukutani. Likizo ilipokwisha alirudi kazini, na baba yake akarudi jikoni.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 marehemu aliinjika chungu cha nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, akaziunga kwa karanga, na kabla hazijaiva alianguka kando ya jiko. Majirani walimkimbiza hospitali, akafariki kabla ya adhuhuri.

Kwa desturi yetu msiba unapoingia moto wa ndani huzimwa, majivu huzolewa, na kilichokuwa jikoni humwagwa nyuma ya nyumba, ndipo moto wa matanga uwashwe uani. Akina mama waliotangulia kufika walifanya hivyo kwa heshima na kwa haraka, kama walivyofundishwa na mama zao, na hakuna anayewalaumu. Lakini kilichomwagwa kilikuwa chungu cha mwisho cha Kasimiri, na Levina hajaonja kitu tangu hapo isipokuwa maji.

Jana mchana mtani wetu Damas, Mgogo aliyefanya kazi na marehemu relini, alitimiza haki yake ya utani, akajifunga kile kitenge, akachukua mwiko, akachochea chungu kitupu mbele ya waombolezaji akikohoa kama marehemu, akapaza sauti, “Mama Marcelina, leo nimepatia! Mabuje ni mawili tu!” Watu walicheka. Shemeji aligeuza kichwa, akamtazama, akafungua kinywa, akasubiri. Chunguni hamkuwa na kitu. Marcelina alikimbilia uji, na aliporudi kinywa kilikuwa kimefungwa, na Damas akauweka mwiko chini, akatoka nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, Baba Padri kwa sakramenti, wafanyakazi wenzake wa reli, na majirani wote, Wakatoliki, Wamoraviani na Waislamu, mlioleta kuni, maji, unga na vifua vyenu tuvilalie tukilia. Mnaojua namna yoyote ya kumfanya mgonjwa afungue kinywa, tunawaomba msiondoke bila kutuambia.

Kaka Kasimiri, vua kitenge, kaa, nawe sasa uletewe.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Levina, asiyeweza kusimama, na binti mmoja, Marcelina, ambaye ndiye aliyebaki amesimama.