Vile Tuligawana Kitabu cha Jackie

Benchi letu liko Bondeni, kwenye baraza ya duka ambalo mwenyewe alifunga akaenda zake, na hatuna haraka arudi. Kila asubuhi Tabby huja na jiko na birika, anatuuzia kahawa ya tangawizi, na sisi tunachanga tunanunua gazeti moja. Hilo gazeti hatulisomi kama watu wa ofisi. Tunalipasua karatasi kwa karatasi. Adongo, tunayemwita Refa kwa vile alichezesha mechi za mtaa mpaka akakimbizwa, huchukua michezo. Mzee Khisa alikuwa karani wa korti, kwa hivyo ni Jaji na huchukua kesi. Kamande muuza spea, yaani Chasisi, huchukua matangazo ya vifo. Mimi huachiwa minada, kwa sababu wanadai nasoma polepole. Baadaye tunabadilishana. Basi Chasisi alipoleta kitabu alichoandika binti yake Jackie, karatasi zisizo na jalada, zimechapwa saiba, kule kwa kompyuta za intaneti, na kufungwa mafungu kwa raba, hakuna aliyefikiria mara mbili. Refa alichukua mwanzo, Jaji katikati, Chasisi mwisho. Mimi sikupewa kitu.

Ni hadithi ya vijana. Jackie alitaka kuituma kwa mchapishaji kutoka hapo saiba, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea. Lakini Chasisi alikuwa amemtumia neno kupitia kwa mamake, Rahab: benchi likisema kitabu ni takataka, aachane na kuandika aende Rongai kwa shangazi yake kuuza nafaka. Msichana alikubali. Angesema nini, na alimaliza fomu foo na alama ambazo hazitajwi nyumbani kwao? Kwa hivyo leo tulikaa kutoa hukumu.

Jaji: Korti imekaa. Nani anaanza?

Refa: Mimi, si nilisoma mwanzo. Na nawaambia hii stori haina mpira. Msichana anapima mahindi kwa stoo, Rongai. Anapima, anarudi nyumbani, anapika. Kesho anapima tena. Nimengoja goli mpaka nikalala.

Jaji: Stoo gani? Msichana ako Mai Mahiu. Ako na kibanda ya chapati, malori zinasimama hapo.

Refa: Mai Mahiu imetoka wapi?

Jaji: Si niko na karatasi hapa. Kuna dereva anaitwa Lewis anamwambia, "Madam, ongeza maharagwe."

Refa: Basi huyo ni mwingine.

Jaji: Ni huyo huyo. Amehama. Na mtu hahami bure. Aliiba mizani.

Niliwaambia labda kati ya mwanzo na katikati kuna kitu kilitendeka. Waliniangalia vile unaangalia mtu amepokea simu kanisani.

Refa: Wewe tulia. Kuna kitu nimegundua. Kwa hiyo nyumba ya Rongai, msichana anasalimia babake, baba haitiki. Anamwekea chakula, baba anakula bila kumwangalia. Asubuhi anamuaga, kimya. Sasa nauliza, ni nani huongea kwa nyumba yake na hajibiwi?

Tabby: Bibi.

Refa: Marehemu. Huyo msichana alikufa kabla ya karatasi ya kwanza. Hiyo ni roho inatembea.

Tabby: Roho inapima mahindi?

Refa: Ndio maana magunia hazipungui.

Jaji: Roho haiwezi kupika chapati Mai Mahiu, madereva wangejua. Hii ni kesi ya mashamba. Huyo baba ni shahidi. Aliona kitu, akaambiwa akifungua mdomo ataenda. Kwa hivyo hata "habari ya asubuhi" anaogopa. Hapa kwangu msichana anampigia simu kila Jumapili na haishikwi. Kwa nini haishikwi? Inasikilizwa.

Refa: Na nani?

Jaji: Na serikali. Ama ngoja, nimeona sasa. Baba ndiye serikali. Msichana ni mwananchi. Anapiga, anapiga, haishikwi.

Tabby: Hiyo sasa naamini.

Refa: Lakini mwananchi anaweza kuwa amekufa pia.

Wakakubaliana hapo, yaani mwananchi marehemu, na Jaji akaagiza kikombe kingine. Chasisi muda wote alikuwa anazungusha chake bila kunywa.

Chasisi: Nyinyi wote mmepotea. Kitabu ya vijana lazima ifunze adabu. Hii haina. Ni mtoto tu anamwanika babake.

Jaji: Anamwanika wapi?

Chasisi: Huku kwa mwisho.

Jaji: Anafanya nini huko kwa mwisho?

Chasisi: Anamwanika tu. Kila mahali. Hata haulizi baba alinyamaza kwa nini. Mtu umeuza mpaka jenereta ya duka ndio mtoto asome, halafu anakuletea D. Utamwambia nini? Utaanzia wapi?

Refa: D gani? Kwangu hakuna D.

Jaji: Hata kwangu hakuna.

Chasisi: Iko kwa mwisho.

Akaangalia barabara kama mtu anayengoja gari. Nikanywa kahawa.

Jaji: Basi hukumu. Kitabu imechanganyikiwa. Msichana ako pahali mbili, baba hatujui kosa lake, na hakuna mtu ameshikwa.

Refa: Na hakuna goli.

Chasisi: Kwa hivyo ni takataka.

Alisema hivyo na sikuona furaha yoyote usoni mwake. Mimi nilikasirika, na sijui kama ni kwa sababu sikupewa fungu. Gazeti tunabadilishana mpaka wino unatubaki vidoleni. Hiki kitabu kimekaa nao tangu wiki jana na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake, leta nione kilichofuata. Walitaka kujua nani mwenye makosa, basi. Nilikuwa karibu kuwaambia, lakini Jackie mwenyewe akatokea, begi mgongoni.

Jackie: Sasa, wazee. Nimekuja kuchukua karatasi. Nikitoka hapa ni saiba ama ni Rongai. Mumeonaje?

Jaji akakohoa.

Refa: Huyo msichana wako, alikufa lini?

Jackie: Nani amekufa?

Jaji: Wacha Refa. Tuambie, mizani aliiba ya nini?

Jackie aliwatazama mmoja mmoja, babake akamruka.

Jackie: Niulize tu kitu moja. Anaitwa nani?

Refa: Nani?

Jackie: Msichana. Huyo mnasema.

Refa akafunua karatasi zake. Huko kwake, watu wa stoo wanamwita "wewe wa mizani". Jaji akafunua zake. Madereva wanamwita "madam". Wote wawili wakamgeukia Chasisi, kwa kuwa kama jina halikuwa kwao, basi lilikuwa kwake. Ndipo tukaona fungu lake, juu ya mapaja, raba bado imelizunguka vile Jackie alivyoifunga.

Jackie pia aliona. Ingekuwa afadhali angetukana. Alinyoosha mkono apewe karatasi zake.

Chasisi hakumpa. Aliivuta ile raba mpaka ikakatika, akaanza kusoma, kidole chini ya mstari. Tabby akainamisha birika, hakukutoka kitu, akaliweka chini. Hakuna aliyelalamika. Karatasi ilifuata karatasi, halafu kidole kikasimama.

Refa: Umepata? Anaitwa nani?

Nilisogea nikasoma kando ya Chasisi. Baba wa kwenye kitabu ameshuka Mai Mahiu, ameingia kibandani, ameketi katikati ya madereva na sahani tupu. Anasema: "Maitu, nipakulie."

Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa babake, na baba humwita hivyo, maitu, mama yangu. Chasisi alimwita Jackie hivyo mbele yetu tangu akiwa wa kubebwa, mpaka matokeo ya mtihani yalipotoka. Sisi tunaojua kila kitu tulikaa naye kila siku na hatukuona kwamba aliacha. Niliona aibu, nasema ukweli.

Jackie: Baba, saiba watafunga. Ni takataka?

Chasisi: Ngoja nimalize.

Jackie: Leo ndio mwisho.

Chasisi: Najua.

Akasogea. Akamsukuma Jaji, Jaji akamsukuma Refa, Refa akanisukuma mimi nikabaki nimekalia hewa.

Chasisi: Kaa hapa, Maitu. Nikimaliza tutaenda hiyo saiba pamoja.

Jackie aliitazama ile nafasi kwa muda. Kisha akavua begi, akakaa.