Chemchemi Ina Mzabuni

Tangu halmashauri impe mzabuni kazi ya kutunza chemchemi, maji yamekuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kijiwe cha kahawa cha Melania kimepata maneno ya kutosha mpaka Krismasi. Benchi lipo kando ya njia iendayo kambi ya wakimbizi ya Lukole. Wazee wake ni walewale: Pancras, aitwaye Kamati kwa kuwa hakuna kamati ambayo hajaikalia, Leonidas, aitwaye Redio, na Ildefonce, aitwaye Waziri kwa sababu ya koti tu. Melania alikuwa amewachoka. Juma lililopita binti yake Zita aliharishwa na maji yale mpaka macho yakaingia ndani, na mama mtu akaapa hatayachota tena. Sasa birika lake lilitegemea dumu la Niragira, mkimbizi wa Lukole, aliyemletea maji ya kambini kwa kubadilishana na ndizi. Wazee waliyanywa kwa raha, huku wakiwasema wakimbizi.

— Hivi huyu mzabuni tutamwona lini? Redio aliuliza.

— Mzabuni haonekani, bwana, Kamati alijibu. Mzabuni ni mfumo.

— Na matope anazoa nani?

— Mfumo unasimamia. Matope yatafuata maelekezo.

Melania alisonya, akachochea moto.

— Mimi nilivyosikia, Redio alisema, ni mtu wa Mwanza. Kazi kampa mtu wa Biharamulo, naye kampa shemeji yake.

— Na shemeji?

— Shemeji anatafuta mtu.

— Acha hizo! Waziri alidakia. Mzabuni yuko Lukole. Amejiandikisha mkimbizi, anakula mgao. Mnadhani matangi ya kule yanajaaje? Maji yetu yanavutwa chini kwa chini!

— Yapande mlima? Melania aliuliza.

— Ndiyo utaalamu wenyewe, Mama Zita.

Kamati alikohoa, kikao kikatulia.

— Wote mmekosea. Serikali ilijitoa kwenye kazi, ikazunguka mlango wa nyuma, ikaomba kazi ileile, ikajikataa. Sasa inasubiri rufaa yake.

— Si zamani tulikuwa tunakwenda wenyewe msaragambo? Melania alisema. Kila nyumba inatoa mtu na jembe, mchana tumemaliza, tunakunywa pombe ya ndizi.

— Hiyo ilikuwa kabla ya utaratibu, Kamati alisema kwa upole. Leo ukigusa tope la mzabuni, umemwingilia kazi. Atakushitaki.

— Na mimi nikimshitaki kwa tumbo la mwanangu?

— Kwanza umpate.

Hapo Niragira akatokea, dumu likining'inia mkononi, jepesi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, binti.

— Mama Zita, nisamehe. Wamekataza maji kutoka nje ya kambi. Nimekuja kukwambia tu, usije ukaningoja bure.

Melania alikaa juu ya kinu. Alimfikiria Zita, ambaye ndiyo kwanza ameanza kula ugali.

— Lakini nanyi si mna chemchemi? Niragira aliuliza.

— Ina mzabuni, wazee walijibu kwa pamoja.

— Poleni sana. Iko mbali?

Waziri aliangalia vifungo vya koti lake. Nyuma ya migomba ya Melania, hapo hapo, vyura wa chemchemi walikuwa wakipiga kelele.

Melania aliinuka. Alivikusanya vikombe, cha Kamati kikiwa bado nusu, akaimwaga kahawa yote iliyobaki.

— Kahawa imeisha, alisema.

Akaingia ndani, akatoka na majembe, akayalaza juu ya benchi katikati ya wazee.

— Kwa utaratibu, Kamati alianza, tungeunda kwanza...

Niragira aliweka dumu chini, akavua kandambili, akachukua jembe moja. Melania akachukua lingine, wakaingia migombani bila kugeuka nyuma. Punde jembe likasikika likigonga tope, na vyura wakanyamaza.

Wazee walibaki na majembe yaliyosalia.

— Jamani, Redio alinong'ona. Huyu mkimbizi zabuni kapewa na nani?