Kipimo Nyuma ya Pazia: Miaka Ishirini ya Mama Clémence Nabintu

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka ishirini na miezi minne ya kazi, Mama Clémence Nabintu anastaafu katika Karakana ya Tusonge, hapa Mbarara, tunapotengeneza viti vya magurudumu. Alianza kwa kufagia na kupika chai. Anaondoka akiwa fundi mkuu.

Alizaliwa Fizi, Kivu Kusini, akafika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na wanawe watatu, wakapewa kiwanja katika eneo la Rubondo. Tusonge ilimwajiri Februari 2005. Siku za kazi alilala Mbarara. Ijumaa alirudi Rubondo kupalilia maharage yake. Karakana ilikuwa ya wanaume pekee, na mkuu wetu, Mzee Rwakabuba, alikuwa fundi hodari asiyependa kurudia neno. Clémence alikabidhiwa birika na ufagio tu. Akisogelea mashine, alionyeshwa mlango.

Mwaka 2007 tulimpa kiti Madeleine, mama kijana wa Rubondo aliyepooza miguu. Mwezi mmoja baadaye tulikwenda kumtembelea, Clémence akituonyesha njia. Tulikuta kiti uani, kimeanikiwa vitunguu. Mwenyewe alikuwa ndani, chini kwenye mkeka, akinyonyesha.

"Hawa watu hawana shukrani," Mzee Rwakabuba alisema, akarudi garini. Sisi mafundi tukamfuata.

Clémence alibaki. Alichuchumaa kando ya mkeka, akamwuliza Madeleine kile kiti kina shida gani.

"Mama, hakuna mutu aliniuliza," Madeleine alijibu. "Siku ya kunipima, fundi alisimama kule mbali, akauliza bwana yangu. Kiti iko mupana, haipite ku mulango. Na iko juu mingi. Nikiikala mule, siwezi fika ku moto, na mutoto hana fasi."

Clémence aliazima futi kamba kwa mshona nguo wa jirani, akafunga mlango, akampima Madeleine yeye mwenyewe: nyonga, mgongo, mikono, hata urefu kutoka mkekani. Sisi tulikuwa garini tunapiga honi.

Jumatatu alileta mchoro alioupiga kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji. Kilikuwa kiti chembamba, cha chini, chenye mkono mmoja wa kuchomoa ili mtu ateremke mwenyewe hadi mkekani, na mbele kipande cha turubai cha kumlaza mtoto. Mzee aliutazama kidogo, akaurudisha.

"Wewe mama, kazi yako ni chai. Mtu akianguka, nani atajibu?"

"Shefu, munipe ile vipande ya chuma munatupaka inje," Clémence alisema. "Mutu wa kwanza wa kuikala ni mimi. Nikishindwa, nitarudia chai yangu."

Alipewa, kwa shingo upande. Wiki tatu nzima, saa ya chakula cha mchana, alikata na kupiga msasa, nami Isa, ninayeandika haya, nikimchomelea pale alipotia alama ya chaki. Nakiri kwamba nilimsaidia mchana na kumcheka jioni. Siku ya majaribio tulisimama wote uani. Clémence akaketi, akajisukuma, akaanza kupanda mwinuko wa lango. Kiti kikapinduka. Alianguka chali, kitambaa cha kichwa huku na kiatu kule. Ngoga, fundi wetu wa magurudumu, alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee Rwakabuba hakucheka. Alimwendea, akamwinua, kisha akapiga goti kando ya kiti.

"Kilianza kuanguka wakati gani?"

"Wakati nilisukuma na nguvu," Clémence alijibu huku akijipangusa vumbi. "Uzito yote ilienda nyuma."

"Basi ekseli irudi nyuma. Tujaribu inchi mbili."

Hakuna aliyewahi kumsikia Mzee akimwambia Clémence "tujaribu". Walifanya kazi pamoja mpaka muda wa kufunga, na mwinuko ukapandika. Ndipo Mzee alipompa kofia yake ya kuchomelea na kuanza kumfundisha kazi hiyo ya moto. Kesho yake chai na ufagio vikawekewa zamu. Wa kwanza kwenye orodha nilikuwa mimi, na chai yangu haikunyweka.

Madeleine alipopelekewa kiti kile, alipita nacho mlangoni, akageuka, akatoka, akaingia tena, mtoto akiwa mbele yake. Alifanya hivyo mara nne, akilia na kucheka.

Habari zilienea. Clémence alitundika pazia kwenye pembe ya karakana, akawa anapima na kuuliza humo. Wanawake walikuja kutoka Rubondo na Kabingo wakimtafuta "mama wa pazia". Bi Halimah wa hapa mjini, aliyekaa ndani miaka sita kwa kukataa kupimwa na wanaume, alipimwa humo, na leo ana duka lake la vitambaa.

Mzee alipostaafu mwaka 2014, aliacha funguo kwa Clémence. Ngoga alisema hawezi kuongozwa na mwanamke, akaondoka. Baada ya miezi saba alirudi, akasimama mlangoni. "Meza yako iko fasi yake," Clémence alimwambia, akaendelea na kazi. Ngoga ndiye aliyesisitiza kwamba ukurasa huu uandikwe.

Akiwa mkuu, Clémence aliweka sharti kwamba kila anayeajiriwa Tusonge ashinde siku moja kwenye kiti cha magurudumu, aende nacho hata chooni. Mhasibu wetu alikwama humo dakika ishirini, na mlango wa choo ukapanuliwa wiki hiyohiyo.

Leo wanawake ni watano kati ya mafundi wetu kumi na mmoja. Mwezi uliopita tulikutana kumchagua mkuu mpya, tukamchagua Kampire, binti kutoka Rugaaga aliyefundishwa na Mama Clémence. Kikao kilichukua dakika kumi. Tulichojadili ni uimara wa viungo anavyochomelea tu; hakuna aliyetaja kwamba ni mwanamke, na hapo Mama Clémence alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akisingizia moshi.

Mama Clémence, asante kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kupima. Nenda ukapumzike Rubondo kwa afya na furaha, wajukuu wakuzunguke, na maharage yakukubali. Sisi wa Tusonge tunajivunia kwamba tulifanya kazi chini yako.