Violeth Kokwijuka Rutaihwa, Bibi Aliyemjibu Mwesiga

Violeth Kokwijuka alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ijumbi, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Protase Kamala na mkewe, marehemu Annastella. Alibatizwa mwaka huohuo katika Kanisa la Kilutheri. Hatutampamba kwa kuwa amelala: alikuwa mbishi tangu utotoni, na ubishi huo umewalisha wengi waliopo hapa.

Alisoma shule ya msingi Ijumbi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Nafasi ya sekondari haikupatikana, naye hakukaa kuililia. Alianza kununua mikungu ya ndizi vijijini na kuipeleka sokoni Bukoba mjini, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka arobaini. Alitaja bei yake mara moja, kisha akanyamaza na kumtazama mteja usoni mpaka mteja aseme. "Ukiongea peke yako," alizoea kusema, "hujauza, umehubiri."

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na Bwana Elieza Rutaihwa wa Buganguzi, mkulima wa kahawa na mtu wa maneno machache. Walijaliwa watoto wawili, Gozbert na Hellen.

Tarehe 9 Januari 2024 Hellen alijifungua mtoto wa kiume, Mwesiga. Kesho yake Hellen akafariki. Violeth alimzika binti yake katika kibanja hiki cha migomba hapa nyumbani, akaacha soko, akampokea mjukuu.

Mwesiga alikuwa mtoto wa kimya. Waliokuja kutoa pole walimsifia: "Waitu, jamani, mtoto huyu hasumbui kabisa!" Alinyweshwa maziwa, akaogeshwa, akalazwa, lakini hakuna aliyemsemesha, kwani nani katika nyumba ile alikuwa na la kusema? Violeth naye, kwa majonzi, alimlea hivyohivyo miezi ya mwanzo. Hadi siku moja, akimwogesha, akaona mtoto anatazama ukuta, hatafuti uso wa mtu. Alimgeukia mumewe. "Mteja anayenyamaza sokoni ni mgonjwa au amekata tamaa. Huyu ni mzima. Basi nani kamkatisha tamaa kama si sisi?"

Tangu hapo alimlaza kwenye mkeka jikoni, akamenya ndizi huku akimweleza: hiki kisu, hili ganda, huu utomvu, usiuguse. Mtoto akitoa sauti, hata ya kucheua, alimjibu, kisha akanyamaza na kumsubiri.

"Unaongea na nani, mama Gozbert?" Elieza aliuliza kutoka mlangoni.

"Na mteja."

"Mteja hana meno."

"Ndiyo maana hajalalamika kwamba ndizi ni ngumu."

Gozbert, aliyekuwa na duka Kagondo, alileta simu yenye katuni za kufundisha watoto. Mama yake aliitazama kidogo. "Mtoto akiijibu, inamsikia?" Gozbert akairudisha mfukoni. Haikupita muda Mwesiga alianza kucheka, kisha kupiga kelele kuita watu, kisha kusumbua kama watoto wengine. Siku aliyosema "bibi", Violeth aliingia chumbani akamlilia Hellen upya.

Mwezi Aprili 2025 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Bukoba, kisha Mwanza, na mwezi Agosti akarudishwa nyumbani. Hakuuliza atakufa lini. Aliuliza jambo moja tu: "Nikienda, nani atamjibu?"

"Mimi sina maneno," Elieza alisema.

"Sikuombi hotuba, baba Gozbert. Ukimvalisha shati, mwambie shati. Akikuonyesha kuku, mtazame huyo kuku."

Elieza alijaribu. Alisimama mbele ya mtoto akatamka, "Shati," akanyamaza. "Suruali," akanyamaza. Violeth alicheka kitandani mpaka akashika tumbo kwa maumivu. "Huyo ni mjukuu wako, si karani wa sensa!" Lakini alipogeukia ukutani alikuwa halii kwa maumivu ya tumbo pekee. Aliona muda unakwisha na makubaliano hayajafikiwa.

Alifariki nyumbani hapa Buganguzi alfajiri ya Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025. Kulipokucha, ndugu walishauriana mtoto aambiwe bibi amesafiri, kama ilivyo kawaida yetu. Elieza alisikiliza, akamchukua Mwesiga mgongoni kwa shangazi mmoja aliyekuwa amembeba, akaketi naye kwenye kizingiti cha jiko.

"Tata," alimwambia, yaani baba, kama tunavyomwita mtoto kwa upendo, "bibi amekufa. Haamki tena. Mimi inaniuma sana."

Mtoto alionyesha chumba. "Bibi."

"Ndiyo. Bibi wako. Yumo mle, lakini hatakuitikia. Utaniita mimi."

Mwesiga alimtazama, akanyoosha kidole, akagusa shavu la babu yake. "Maji," akasema.

"Machozi," Elieza akamjibu. "Haya yanaitwa machozi." Akanyamaza, akasubiri. Mtoto alipotoa sauti yake, naye akaendelea. Aliongea naye mpaka waombolezaji wakajaa uani, na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Violeth ameacha mume, Bwana Elieza Rutaihwa. Mtoto mmoja, Gozbert. Mjukuu mmoja, Mwesiga. Pamoja na ndugu na majirani wa Ijumbi, Buganguzi na Bukoba.

Bwana ampe Violeth pumziko la amani. Kazi aliyoiacha imepokelewa.