Mama Rufaa, Wakili wa Maji ya Bondeni

Asubuhi ya mwisho ya kawaida kwetu ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Aprili mwaka huu wa 2025. Marehemu mke wangu aliamka kabla yangu, akawasha jiko, akateleka chai. Mwuza maji alifika na mkokoteni wake, akamwamkia kama kawaida yake: "Shikamoo Mama Rufaa. Leo unamshtaki nani?"

"Marahaba. Leo nakushtaki wewe, kwa dumu lisilojaa."

Mwuza maji akacheka, akajazia. Tukanywa chai. Hatukuzungumza jambo kubwa. Alinung'unika kwamba nimemtilia sukari nyingi, akaimaliza yote. Akavaa shati jeupe, joho akalikunja mkononi, akaenda mahakamani. Haikufika adhuhuri nikapigiwa simu kwamba ameanguka koridoni.

Mimi sikwenda shule. Maneno haya nimeyasema kwa mdomo, binti yetu mkubwa akayaandika, na ndiye anayewasomea. Nimemwambia asiyapambe.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Mei 1958, hapa hapa bondeni, katika nyumba iliyokuwa karibu na daraja. Alikuwa mtoto wa nne wa mpishi wa shule ya bweni na mama aliyelima mboga kando ya mto. Siku hizo mto ulikuwa wa kunywa. Mama yake alikuwa akimtuma maji na kumkataza kuogelea. Alirudi na ndoo imejaa, anaapa kwamba hakuingia majini, na huku nywele zinamchuruzika mabegani.

Alisoma katika shule ile ile aliyopikia baba yake, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Baba akaugua, masomo yakaishia hapo. Akajifunza kupiga chapa, na mwaka 1978 akaajiriwa mahakamani kuchapa hukumu. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi. Alikuwa akisema kwamba hukumu haina haja ya kusomwa mpaka mwisho ili kujua aliyeshindwa, tazama tu nani alikuja bila wakili.

Mimi nilikuwa fundi viatu nje ya lango la mahakama hiyo. Aliniletea kiatu kilichobanduka soli, nikakibandika. Kesho yake akarudi nacho mkononi, mguu mmoja peku, mbele ya wateja wangu. Akasema, "Fundi, kiatu chako kimeniachia mbele ya hakimu. Nataka kazi irudiwe, na silipi tena." Nikakishona kwa uzi wa mara mbili. Baadaye alizoea kuwaambia watu kwamba hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza kushinda. Tulifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981. Mungu akatujalia watoto watatu.

Watoto walipokuwa wakubwa kidogo alirudi darasani, masomo ya jioni, akisomea sheria. Wapo waliosema anatafuta ukubwa uzeeni. Aliwasikia, akapita. Mwaka 2001 aliapishwa kuwa wakili, akafungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la rangi. Ngazi zake zilikuwa nyembamba, na wateja wazee aliwashukia mwenyewe, akawasikiliza wakiwa wamekaa kwenye ndoo za rangi.

Mwaka 2007 kiwanda cha ngozi kilijengwa upande wa juu wa mto, na bomba lake likatolewa nyuma ya matete. Maji yakageuka rangi, yakawa ya buluu iliyochujuka, yananuka mayai viza. Samaki wakaelea. Watoto wakatoka vidonda miguuni na mikononi. Tuliendelea kuyachota, maana hayakuwepo mengine. Mwuza maji na mkokoteni wake walikuja baadaye sana, na si kila nyumba inamudu kumwita.

Marehemu alikwenda kiwandani mara nyingi kuzungumza. Walimpa kiti na soda. Mwaka 2013 akafungua shauri kwa niaba ya wakazi wote wa bondeni, akidai jambo moja: maji ya kuoshea ngozi yasafishwe kabla hayajatupwa mtoni. Hata mimi nilitaniwa kibandani kwangu. Waliniuliza mke wangu akishinda nitashona viatu vya nini, vya karatasi? Nilipomfikishia, alisema ngozi haina ugomvi naye, na nisipunguze wateja kwa ajili yake.

Tarehe 14 Machi 2019 jaji alikuja kuuona mto kwa macho yake. Jambo hili nalisema kwa sababu wengi wenu mlikuwepo, na kwa sababu yeye hakutaka lifichwe.

Majirani walisikia kwamba anakuja mgeni mkubwa. Wakafanya kama mtu yeyote mwenye adabu angefanya. Kina mama walifagia njia yote mpaka ukingoni. Wanaume walizoa tope jeusi, wakafukia samaki waliokufa. Maji safi yalinunuliwa mjini, yakawekwa mezani juu ya kitambaa. Watoto wenye vidonda walipakwa mafuta na kuvishwa mikono mirefu, wasimtie mgeni kinyaa. Kiwanda nacho siku hiyo kilikuwa kimefunga bomba lake.

Jaji akatazama huku na huku. Akamuuliza marehemu, "Wakili, uchafu wenyewe uko wapi?" Kabla hajajibu, mwenyekiti wetu wa mtaa akainama kwa furaha, akasema, "Tumejitahidi, mheshimiwa."

Shauri lilitupwa. Hukumu ilisema mazingira yalionekana safi na wakazi nadhifu.

Majirani walipoelewa walichofanya, walikuja nyumbani wakalia kama waliofiwa. Hakumkaripia hata mmoja. Alisema kosa ni lake: aliwaambia jaji anakuja, hakuwaambia anakuja kutazama nini. Wiki hiyo hiyo akaanza kuandika rufaa. Ikarudishwa kwa kasoro, akaandika nyingine. Ndipo mkampa jina lile, na kwa kweli alilipenda. Mwaka jana mahakama ya rufani ilikubali kwamba mto ukatazamwe upya, na jaji mwingine, tarehe 22 Julai mwaka huu.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuumwa. Viatu vilimbana. Nikavitanua kwenye kalibu, ule mguu wa mbao wa kazini kwangu. Vikambana tena. Mwisho nikavikata nyuma, akavivaa hivyo hivyo mahakamani, joho likavificha. Alipoanguka siku ile ya Aprili, hospitali walisema ni figo, zote mbili. Walikuwa wakimsafisha damu kwa mashine. Alirudi nyumbani amechoka, anaulizia faili. Mwezi Mei mwili ulikataa. Alifariki Jumamosi, tarehe 7 Juni, alfajiri, mimi nikiwa nimemshika mguu, maana mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa.

Nimesikia maneno mtaani, kwamba akizikwa yeye na rufaa imezikwa. Haijazikwa. Faili lipo kwa wakili mwenzake wa ofisini, yule dada mrefu aliyekaa mbele hapa. Tarehe ni ile ile. Majirani zangu, nawaomba kwa heshima zote: siku hiyo msifagie. Watoto wavae kama wanavyovaa kila siku. Jaji akitaka maji, achotewe ya mtoni, awekewe mezani, ayatazame.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada yake mmoja, ambaye ameshindwa kusafiri. Ameacha pia mto ambao haujasafishwa. Kazi yake ameifanya. Mungu amlaze mahali penye utulivu, asiamshwe na simu ya mtu.

Limebaki moja. Katika siku zake za mwisho, mwanetu wa kiume alikaa kitandani kwake na hasira nyingi. Akamwambia, mama, siku ya kukuzika nitasimama niseme wazi kwamba yale maji ndiyo yamekuua. Daktari alikuwa hajasema hivyo, na kipimo cha kujua hospitali yetu haina. Marehemu alimwashiria asogee. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote tuliokuwepo tulimsikia, na nimeahidi kuyafikisha maneno yake bila kuongeza wala kupunguza. Alisema:

"Msiseme maji yameniua. Hilo hatuna ushahidi nalo. Semeni niliyanywa."